Anataka kusomea uongozi wa michezo: Mambo ya kujua kabla hujalipa ada

Matokeo ya kidato cha nne au cha sita yakishatoka, nyumba nyingi huingia kwenye mjadala wa nini kifuate. Mzazi ana orodha yake: ualimu, uuguzi, uhasibu, sheria. Mtoto naye ana yake, na siku hizi ndani ya orodha hiyo hujitokeza jambo ambalo wazazi wengi hawakulitegemea. Anataka kwenda chuo kusomea uongozi wa michezo.

Jibu la kwanza mara nyingi huwa ni swali. Yaani nikulipie ada ukacheze mpira?

Swali hilo lina haki ya kuulizwa. Ada hutoka kwenye mshahara usiotosha, kwenye gunia la mpunga lililouzwa au kwenye mkopo wa kikoba. Nyuma ya mtoto huyu wapo wadogo zake wanaosubiri zamu. Mzazi anayeuliza kama kozi hii ina mkate ndani yake hamkatishi tamaa mtoto, bali analinda akiba ya familia.

Hata hivyo swali lenyewe huchanganya mambo mawili. Kucheza ni kazi ya mchezaji, na muda wake ni mfupi. Kuendesha klabu, chama, uwanja au mashindano ni kazi nyingine, na mtu anaweza kuifanya hadi anastaafu bila hata kujua kupiga danadana.

Kazi yenyewe ikoje

Chukua mfano wa klabu ya Dar es Salaam inayocheza ugenini Mbeya siku ya Jumamosi. Shabiki ataiona mechi kwa dakika 90. Kwa mtu wa utawala, mechi hiyo ilianza wiki mbili nyuma.

Safari ni ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Ni lazima basi lipatikane, na liwe na dereva wa akiba. Hoteli iwekwe nafasi kwa msafara wa wachezaji, makocha, daktari na mtunza vifaa. Chakula kipangwe kwa maelekezo ya benchi la ufundi, na posho ziandaliwe na kusainiwa. Leseni za wachezaji zikaguliwe, maana akichezeshwa asiyestahili, pointi zilizopatikana kwa jasho zinaweza kupotea mezani. Kabla ya mechi kuna kikao cha maandalizi na kamisaa, ambako rangi za jezi, muda wa kuingia uwanjani na masuala ya usalama hukubaliwa.

Klabu mwenyeji nayo ina mzigo wake: tiketi, milango, askari polisi, gari la wagonjwa, mabango ya wadhamini, chumba cha waandishi na kamera za televisheni. Mechi ikimalizika, mapato yahesabiwe na mgawanyo wake uandikwe. Jumatatu ikifika, mdhamini anataka taarifa ya jinsi nembo yake ilivyoonekana.

Hayo yote ni uongozi wa michezo. Ndani yake kuna fedha, sheria, masoko, rasilimali watu, usalama na mawasiliano. Tofauti na ofisi nyingine ni kwamba hapa kosa la karani linaweza kuonekana na watu elfu kumi kwa wakati mmoja.

Taaluma iliyoanza kwa barua

Wazo la kuwafundisha watu kazi hii chuoni si la jana. Mwaka 1957, Walter O'Malley, aliyekuwa akiiongoza timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers ya Marekani, alimwandikia barua mwalimu wa elimu ya viungo, James Mason. Katika barua hiyo aliuliza ni wapi angempata mtu aliyefundishwa kuendesha klabu au uwanja. Hakukuwa na chuo cha namna hiyo. Mwaka 1966, Chuo Kikuu cha Ohio kilianzisha shahada ya uzamili ya utawala wa michezo, na Mason ni miongoni mwa waliolifikisha wazo hilo hapo.

Leo masomo hayo yako kila bara. Inayojulikana zaidi kwenye soka ni FIFA Master, iliyoanza mwaka 2000 na kuratibiwa na kituo cha CIES cha Uswisi. Wanafunzi wake husoma katika nchi tatu ndani ya mwaka mmoja: Leicester nchini Uingereza, Milan nchini Italia na Neuchâtel nchini Uswisi. Hiyo ni ngazi ya uzamili na ushindani wake ni mkali, lakini inafaa mtoto ajue kwamba ngazi ipo na inapanda hadi huko.

Kwa nini inazungumzwa sasa

Kwa miaka mingi klabu zetu ziliendeshwa na wanachama wenye mapenzi. Walichanga nauli, walilaza wachezaji majumbani mwao na kuweka kumbukumbu za klabu kwenye daftari la mfukoni. Bila wao klabu nyingi zisingekuwepo. Lakini fedha na masharti vimebadilika.

Mwaka 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Fedha za kiasi hicho zinahitaji mtu wa kusoma mkataba, kuandaa bajeti na kujibu wakaguzi.

Shirikisho la Soka Afrika (CAF) nalo linataka klabu zinazoshiriki mashindano yake ziwe na leseni. Leseni hiyo hupima maeneo matano: michezo yenyewe, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Klabu inaweza kuwa na mshambuliaji hodari, lakini kama haina hesabu zilizokaguliwa na watumishi wanaotambulika, inajiweka pabaya.

Klabu kubwa zililiona pengo hilo mapema. Mwaka 2019 Simba ilimwajiri Senzo Mazingisa kutoka Afrika Kusini kuwa ofisa mtendaji mkuu, na mwaka uliofuata akahamia Yanga. Nafasi yake Msimbazi ilichukuliwa na Barbara Gonzalez. Kwa klabu kufuata mtendaji nje ya nchi ni ishara kwamba kazi ipo, na kwamba wenye ujuzi wake nyumbani walikuwa wachache.

Kisha kuna mashindano makubwa. Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN. Ilifunguliwa kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na fainali ikachezwa Kasarani, Nairobi. Nchi hizohizo tatu zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON ya mwaka 2027. Mashindano ya aina hii huhitaji watu wa malazi, usafiri, tiketi, vibali vya kuingilia, itifaki, wakalimani na watu wa kujitolea. Wageni wakiondoka, viwanja hubaki, na uwanja usio na msimamizi mzuri huota majani.

Makosa ya karatasi yana bei

Mzazi anayetaka kuona thamani ya taaluma hii kwa hesabu aangalie kanuni moja ya FIFA inayoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia tano ya bei hugawiwa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu hupata asilimia 0.25 ya bei. Kuanzia miaka 16 hadi 23, ni asilimia 0.5 kwa kila msimu.

Tuseme kijana alicheza klabu ndogo ya Morogoro akiwa na miaka 16, 17 na 18. Miaka michache baadaye, klabu moja ya nje inamuuza kwa klabu ya nchi nyingine kwa dola 200,000 za Marekani. Klabu ile ya Morogoro ina haki ya asilimia 1.5, yaani dola 3,000. Kwa klabu inayochangishana nauli, hizo ni jezi, mipira, viatu na usafiri.

Lakini fedha hiyo hufuata kumbukumbu. Kijana lazima awe aliandikishwa rasmi, tarehe zake za kuingia na kutoka ziwe zimeingizwa, na klabu yenyewe iwe inatambulika. Kama usajili wake ulikuwa wa maneno tu, au karatasi zilibaki kwenye begi la katibu aliyehama mji, klabu haitakuwa na cha kuonyesha. Mchezaji kama Mbwana Samatta alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya kwenda Genk ya Ubelgiji na baadaye Aston Villa ya Uingereza. Kila hatua ya namna hiyo ni faili ambalo mtu alitakiwa kulitunza.

Uhamisho wa kimataifa wenyewe hupita kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA unaoitwa TMS, ambao umekuwa wa lazima tangu mwaka 2010. Dirisha likifungwa, limefungwa. Ofisa aliyechelewa kupakia nyaraka anaweza kuikosesha timu mchezaji iliyekwisha kumlipia, na huyo mchezaji akakaa jukwaani hadi dirisha lijalo.

Wapi anaweza kusoma

Kwa Tanzania, jina la kwanza ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Ni chuo cha Serikali, na miongoni mwa mafunzo yake ni uongozi na utawala wa michezo pamoja na ufundishaji wa michezo. Wengi wa maofisa michezo na walimu wa michezo nchini wamepita hapo.

Kwa ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Jirani zetu nao wana vyuo vyenye masomo ya fani hii, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya na Kyambogo nchini Uganda. Anayefikiria kuvuka mpaka ajumlishe ada, hosteli, nauli na gharama za kibali cha kuishi kabla hajaifurahia barua ya kukubaliwa.

Sifa za kujiunga hazina siri. Kwa kawaida, mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza ngazi ya cheti. Mwenye cheti, au aliyemaliza kidato cha sita kwa ufaulu unaotakiwa, huingia stashahada. Kwa shahada, mwongozo wa jumla wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unataka alama mbili kuu za kidato cha sita zenye jumla ya pointi nne, au stashahada yenye wastani wa GPA 3.0. Kila kozi inaweza kuongeza masharti yake, hivyo mzazi afungue mwongozo wa udahili wa mwaka husika wa NACTVET au TCU na kuusoma mwenyewe, asitegemee maneno ya kijiweni.

Kuhusu mkopo, tahadhari mapema. Mikopo ya Bodi ya Mikopo kwa ngazi ya stashahada imeelekezwa kwenye fani za kipaumbele, si kila kozi. Angalia mwongozo wa mwaka huo kabla ya kupanga bajeti ya nyumbani kwa fedha ambazo hazijathibitishwa.

Njia nyingine ya kufika kulekule

Si lazima cheti cha mtoto kiandikwe neno "michezo" ili afanye kazi kwenye michezo. Klabu inahitaji mhasibu, mwanasheria, mtu wa masoko, ofisa habari, daktari na mtaalamu wa kompyuta. Anayesoma uhasibu IFM, biashara CBE au sheria Mzumbe anaweza kufika kwenye meza ileile, kisha akaongeza kozi fupi za michezo.

Njia hii huwafaa wazazi wenye wasiwasi na watoto ambao bado hawajawa na uhakika. Nafasi ya klabu isipopatikana, mhasibu ataajiriwa hospitalini au kwenye kampuni ya usafirishaji. Aliyesomea utawala wa michezo pekee ana mlango mwembamba zaidi mwanzoni, ingawa akishaingia anaujua mchezo kuliko wenzake.

Ipo pia njia ya kuchanganya: stashahada ya michezo kwanza, kisha shahada ya biashara au utawala. Au kinyume chake. Ambacho mzazi hapaswi kufanya ni kumlazimisha mtoto asome asichokitaka kwa ahadi kwamba michezo itakuja baadaye, halafu baadaye hiyo isifike.

Kazi zipo wapi

Ukweli usemwe wazi. Klabu zinazolipa mshahara kamili kwa watumishi wa ofisini ni chache. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili. Uongozi mpya ukichaguliwa, watendaji wa zamani wanaweza kuondoka na mwenyekiti wao. Malipo huweza kuchelewa mdhamini akichelewa. Na kazi yenyewe hufanyika wakati wengine wamepumzika, yaani Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Lakini klabu za Ligi Kuu si mwajiri pekee. Halmashauri zina maofisa michezo, na nafasi hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Kuna shule binafsi zinazotaka mratibu wa michezo. Kuna Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vyama vya michezo vilivyo chini ya usimamizi wake: riadha, netiboli, kikapu, ndondi, kuogelea na mingineyo.

Mbio za barabarani nazo zimekuwa soko. Kilimanjaro Marathon ya Moshi huwavuta wakimbiaji wa ndani na wa nje kila mwaka, na miji mingi sasa ina mbio zake. Nyuma ya kila mbio kuna kampuni inayopanga njia, maji, medali, saa za kupimia muda na usajili wa washiriki. Kuna pia vituo vya mazoezi ya viungo, viwanja vya gofu, hoteli zenye mabwawa, vyombo vya habari, na idara za udhamini kwenye benki na kampuni za simu.

Wengine hujiajiri. Kituo cha kulelea vipaji vya watoto kinachoendeshwa kwa hesabu safi, chenye ratiba, bima na ruhusa za wazazi, ni biashara halali. Uwanja mdogo wa nyasi bandia unaokodishwa kwa saa nao unahitaji msimamizi anayejua kutunza kitabu cha mapato.

Asisubiri mahafali

Katika fani hii, cheti hufungua mlango lakini kinachomwingiza mtu ndani ni kazi aliyokwisha kuifanya. Mwanafunzi anayesubiri amalize chuo ndipo atafute uzoefu huwa amechelewa miaka miwili au mitatu.

Likizo ya kwanza anaweza kwenda kwenye chama cha mpira cha wilaya na kuomba kusaidia kuandika ratiba, kupokea fomu za usajili au kuandaa taarifa za mechi. Michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, huhitaji mikono mingi ya kupanga mabweni, chakula na ratiba. Hata ligi ya ndondo ya mtaani ni darasa. Anayeweza kuendesha mashindano ya timu nane mtaani kwake, akamaliza bila ugomvi na akatoa hesabu ya kila shilingi, ana cha kusimulia kwenye usaili.

Kompyuta ni lazima, hasa majedwali ya hesabu. Uandishi wa barua rasmi na kumbukumbu za vikao ni ujuzi unaodharauliwa, kumbe ndio unaowatofautisha wanaobaki ofisini na wanaozunguka nje. Kiingereza kinahitajika kwa kanuni na mikataba. Kifaransa ni nyongeza kubwa, kwa kuwa ni moja ya lugha zinazotumika CAF na katika nchi nyingi ambako klabu zetu huenda kucheza.

Kozi fupi zisidharauliwe. Mfuko wa Olympic Solidarity wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki husaidia kozi za uongozi wa michezo kupitia kamati za olimpiki za nchi. Kozi za uamuzi na ukocha wa ngazi ya awali humsaidia hata mtu wa ofisi kuelewa anachokisimamia. Na kanuni za ligi, ambazo watu wengi huzisoma siku ya mgogoro, mwanafunzi wa fani hii azisome kama wengine wanavyosoma riwaya.

Binti naye je?

Wazazi wengine hukubali kwa mtoto wa kiume na kusita kwa wa kike. Hofu yao inaeleweka: safari za usiku, hoteli, mazingira yenye wanaume wengi. Hofu hiyo ijibiwe kwa mipango, na si kwa kufunga mlango.

Soka la wanawake limepanuka. Simba Queens na JKT Queens zimecheza Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, na Twiga Stars ilikuwepo Morocco kwenye fainali za mataifa ya Afrika zilizochezwa Julai 2025. Timu za wanawake zinahitaji mameneja, madaktari na waratibu, na katika nafasi nyingi mwanamke ndiye anayefaa zaidi.

Mzazi amfundishe binti, na kijana wa kiume pia, kuuliza mambo ya msingi kabla ya kukubali nafasi ya kujitolea. Nani msimamizi wake? Analala wapi akisafiri, na nani? Akinyanyaswa anaripoti kwa nani? Klabu au chama kisichoweza kujibu maswali hayo hakijawa tayari kupokea mtoto wa mtu.

Mitego ya kuepuka

Wa kwanza ni chuo kisichosajiliwa. Jengo zuri na bango lenye picha ya uwanja wa Ulaya havithibitishi kitu. Jina la chuo na la kozi vitafutwe kwenye orodha ya NACTVET au TCU kabla ya kulipa hata fedha ya fomu.

Wa pili ni ndoto ya uwakala. Vijana wengi husema watasoma uongozi wa michezo ili wawe mawakala wa wachezaji. Kazi hiyo ina kanuni zake. Chini ya kanuni za FIFA zilizoanza kutumika mwaka 2023, wakala lazima awe na leseni, na kuipata hufanya mtihani wa maswali 20 ambao kufaulu ni asilimia 75. Kuwashughulikia watoto kuna masharti ya ziada. FIFA pia inazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoainishwa. Anayebisha hodi usiku akiahidi kumpeleka mtoto Ulaya kwa malipo ya haraka aonyeshe leseni kwanza.

Wa tatu ni kubeti. Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza maofisa wa soka kushiriki kamari ya mechi za mpira. Kijana anayetaka kufanya kazi ndani ya soka hana budi kuiacha tabia hiyo mapema, kwa sababu mkeka wa Sh1,000 unaweza kugeuka kesi.

Maswali kabla ya kulipa

Mzazi asikubali wala kukataa kwa kelele. Akae na mtoto, wachukue karatasi na waandike majibu ya maswali haya.

Unataka kufanya kazi gani hasa? "Mambo ya mpira" si jibu. Kusimamia uwanja, kuandaa mashindano, kutafuta wadhamini, kuwa ofisa michezo wa wilaya, hayo ndiyo majibu.

Umewahi kusaidia kuendesha nini? Kama ni nahodha wa darasa au mweka hazina wa timu ya mtaa, ni mwanzo mzuri. Kama hajawahi kufanya lolote, apewe miezi mitatu ya kujitolea kabla ya ada ya kwanza kulipwa. Wengine hugundua humo kwamba walipenda kutazama mpira, si kuuendesha, na ugunduzi huo hauna ada.

Chuo kinapeleka wapi wanafunzi wake kwa mafunzo ya vitendo, na kwa muda gani? Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi? Chuo kitaje sehemu, na mzazi apige simu kwa mmoja au wawili kati ya waliomaliza.

Gharama yote ya kozi ni kiasi gani, si ada peke yake? Vifaa, hosteli, chakula, nauli ya Mwanza kwenda na kurudi, na fedha ya kujikimu wakati wa mafunzo ya vitendo ambayo mara nyingi hayana malipo.

Na ajira isipopatikana mwaka wa kwanza, utafanya nini? Mtoto mwenye jibu la swali hili, hata kama ni la kuanzisha mashindano ya watoto wa mtaa kwa kiingilio kidogo, ameshaanza kufikiri kama kiongozi wa michezo. Asiye na jibu apewe muda wa kulitafuta, na ada isubiri muhula ujao.